Wana wa Dukani na Mama Zao

Watu wa rika langu hapa Mandewa, sisi tuliozaliwa baina ya vita vya Hitla na uhuru, tukikaa kutajana nani yupo na nani ametangulia, huwa tunakwama tukifika kwa wana wa dukani, watoto wa Waarabu wenye maduka. Si marehemu, wala hawapo. Tulichunga nao mbuzi kwenye majabali, walikijua Kinyaturu mpaka matusi na mafumbo yake, kisha katika muda usiofika miaka ishirini wakawa wamekwisha. Vijana wetu wanaona mabaki tu: nyumba ya bati yenye baraza ndefu pale Ilongero au Mtinko, mlango wa mbao nene, jina la Kiarabu lenye ukoo wa Kinyaturu nyuma yake. Wakiuliza, hupewa jibu moja kati ya mawili. Wako wanaosema wale walikuwa wanyonyaji, Azimio la Arusha likawaondoa. Wako wanaosema walikuwa watu wema, ila walipopata mafuta kwao wakatutupa. Nimeyasikia yote mawili misibani na kwenye vijiwe vya kahawa, na yote husimuliwa kana kwamba mle dukani palikuwa na mwanamume mmoja na mizani yake basi. Mimi naona habari za watu wale hazieleweki mpaka umtafute mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia, akisonga ugali wa uwele. Yule alikuwa dada yetu.

Kwanza niwatenge Waarabu wetu wa dukani na wengine. Waarabu wa misafara ya karne ya 19, wale wa Tabora na pembe za ndovu, walipita kusini mwetu kwenye pori la Mgunda Mkali, na kwa babu zetu walikuwa watu wa kununua chakula na kwenda zao. Wa kwetu walikuja baadaye, hasa enzi ya Mwingereza, reli ya kati ilipokwisha kufika Kigoma mwaka 1914 na stesheni za Itigi na Manyoni zikawa malango ya Singida. Hawakuwa matajiri. Walitoka Omani ya ndani, upande wa Sharqiyah na miji iliyo chini ya milima kama Nizwa na Bahla, ambako mtende na mfereji wa maji ndio uhai wa watu. Huko ndani alitawala Imamu, na pwani ya Maskati alitawala Sultani. Walitiliana mkataba pale Seeb mwaka 1920, lakini mkataba haukuleta shule wala hospitali, na miaka ya 1950 vita vikarudi mpaka juu ya Jebel Akhdar. Nyumba yenye vijana wengi na mitende michache ilimpandisha mmoja jahazi wakati wa kaskazi.

Aliteremka Unguja au Dar es Salaam akiwa na jina la ndugu kichwani, akapanda treni ya bara, kisha lori la ngozi, hadi kituo ambacho huyo ndugu alikuwa na rafu nne. Alilala juu ya magunia miaka miwili mitatu akijifunza pishi, kibaba na lugha. Alipoiva, alipewa bidhaa kwa mkopo na kutumwa mbele zaidi, mahali pasipo na duka. Wala mali ile haikuwa ya ndugu yake. Ilikuwa ya Mhindi wa jumla wa mjini Singida, na Mhindi huyo naye alidaiwa na mkubwa wake wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu tuliyemwona tajiri kwa sababu ana taa ya karabai alikuwa karibu na mwisho wa foleni ndefu ya wadaiwa, na waliosimama nyuma yake ni sisi.

Sisi tulileta ngozi, nta, asali, samli, karanga na kuku. Tulichukua chumvi, kaniki, mafuta ya taa, majembe, shanga, na sukari ya kufungwa kwenye karatasi. Fedha taslimu ilikuja na wenzetu waliorudi umanambani, kwenye mkonge wa Tanga. Kodi ya kichwa ikishatoka, iliyobaki iliishia dukani. Mwaka wa mvua mbaya, daftari la mwenye duka ndilo lililolisha watu. Waingereza walikuwa na sheria iliyomzuia mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani kama hakupata kibali cha mkopo ule, wakisema wanamlinda mwenyeji. Kwa vitendo, aliyekopesha debe la mtama hakuwa na hakimu. Alikuwa na uso wa mkopaji tu, ambao angekutana nao tena mnadani. Basi akajilipa mapema, kwenye bei na kwenye mizani. Simtetei. Jiwe la kupimia nta la duka letu lilijulikana na kijiji kizima kuwa ni zito kuliko lilivyoandikwa, na bado tulikwenda, maana duka jingine lilikuwa mwendo wa kutwa. Lakini mtu yule yule ndiye aliyefungua mlango saa nane za usiku kutoa sanda, na hakuandika.

Hapa naomba kupita mbali kidogo, nioneshe mlowezi wa namna nyingine. Mwaka 1872 serikali ya Kanada ilitunga sheria ya kugawa mbuga zake za magharibi. Mgeni alilipa dola 10 akapimiwa ekari 160. Akikaa miaka mitatu, akajenga na kulima, hati inakuwa yake. Wakaja watu wa Ukraine, Wajerumani, Wasweden na wengine wengi, na wale wa mwanzo walijenga nyumba za matofali ya udongo wenye mizizi ya nyasi, ambazo mtu wa kwetu aliyekulia kwenye tembe asingezishangaa. Wenyeji wa mbuga hizo, Wakrii na wenzao, walikuwa wakisainishwa mikataba na kusogezwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Mambo hayo si mageni kwetu kama yanavyosikika. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Wakanada walikuja Hanang, majirani zetu wa njia ya Katesh, kulisaidia shirika la NAFCO kulima ngano Basotu, Mulbadaw na kwingineko. Walikuja na trekta, na mashine za kuvunia, na elimu waliyoipata kwenye mbuga za kwao. Mashamba yakafika saba. Wabarbaig, ndugu wa Wataturu wetu, wakapoteza malisho, na hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 1985 NAFCO ikashinda. Wako walioswaga ng'ombe wakaja upande wetu, na wako waliokwenda mbali zaidi, mpaka Morogoro na Usangu. Mgeni anayekuja na serikali nyuma yake na ramani mkononi ni mgeni wa namna hiyo.

Mwarabu wa Singida hakupewa ramani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika mikononi mwa gavana, na mtu wa kuja hakuweza kujikatia shamba kijijini kwa hiari yake. Alichopata ni kiwanja kwenye kituo cha biashara, kwa leseni na kwa kodi. Walowezi wenye mashamba walikuwa Arusha, Kilimanjaro na nyanda za kusini. Singida hawakuitamani, na kwa hilo naushukuru ukame wetu. Basi hawa wa kwetu walikuwa walowezi wasio na ardhi. Shamba la chakula, zamu ya kisimani, kijana wa kumchungia mbuzi, mtu wa kumwambia kesho kutakuwa na ugomvi asifungue duka, vyote hivyo alivipata kwa njia moja tu, nayo ni kuoa.

Shangazi yangu aliolewa dukani. Babu alimtoa binti kwa mtu asiye na zizi, na walibishana sana juu ya mahari, kwa sababu mwenye duka alileta fedha na vitambaa, na babu hakuitambua mahari isiyolia. Mwisho ng'ombe wakanunuliwa. Shangazi akasilimu, akapewa jina jingine, akajifunza kupika wali na kukoroga halua, na hakuacha kusaga uwele. Mumewe alijua kusoma na kuandika, yeye alijua koo. Yeye ndiye aliyemwambia mpe huyu, baba yake hakuwahi kukaa na deni, na yule mwambie chumvi imekwisha. Nimeona wataalamu wakieleza maduka ya bara kwa hesabu za mtaji na bei za ngozi. Sijaona hesabu inayomweka mke mahali pake, ambapo ni pale pale penye mtaji.

Upande wa pili haukuwa na mlango. Mnyaturu hakuoa binti wa dukani. Rafiki yangu mmoja alituma mshenga. Mshenga akapewa kahawa na halua, akaulizwa habari za mvua, akarudi. Binti wa baba Mwarabu, hata kama mama yake ni wa ukoo wetu na shingo yake ni ya bibi yetu, aliozwa kwa Mwarabu, ikibidi wa Tabora au Kondoa asiyewahi kumwona. Tulikasirika, lakini si sana, kwa sababu desturi yetu ilitufundisha hivyo hivyo.

Jambo hili rika langu halipendi kulisikia likisemwa. Dini yao ilisema mtoto ni wa baba. Nchi ya Omani ilisema uraia hufuata baba. Nasi Wanyaturu, tukiwa tumekwisha kupokea ng'ombe, tulisema nini? Mahari ikishalipwa, mtoto ni wa baba. Pande mbili ambazo hazikukubaliana juu ya Mungu, mizani, mavazi wala chakula, zilikubaliana juu ya hilo bila kikao. Baadaye watu walipoanza kulia kwamba Waarabu wamechukua watoto wakaondoka nao, mimi nilijiuliza wamemchukua mtoto wa nani. Shangazi hakunyang'anywa. Mikono yote ilikwisha kupeana kabla wanawe hawajazaliwa.

Wenyewe, wana wa dukani, utotoni hawakuwa na habari. Kiarabu chao kilikuwa cha Kurani na cha salamu. Walilia kwa Kinyaturu, walipiga hesabu kwa Kiswahili. Walikuwa na viatu, sisi hatukuwa navyo. Lakini serikali ya kikoloni iliigawa elimu kwa rangi, shule za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na mwana wa Mwarabu wa Mgori au Sepuka hakuwa na yake. Alisoma chuoni barazani kwa mwalimu, na akiwa bado mdogo wa kusimama juu ya kasha ili aifikie mizani, alikwisha kuwa mtu wa kazi. Mimi, mtoto wa mchunga mbuzi, nilipelekwa misheni nikajua Kiingereza cha kutosha kupata ukarani. Uhuru ulipofungua shule kwa wote, wengi wa wenzangu hao walikwisha kupita umri, na wadogo zao ndio waliowahi. Ndiyo maana nasema tusiipime hali yao kwa bati la nyumba peke yake.

Tarehe 9 Desemba 1961 iliwaletea swali wasilolizoea. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa hapa, alikuwa raia siku ile ile bila kuomba. Wana wa dukani walikuwa hivyo, na uraia huo waliupata kwa mama. Baba zao waliopenda walitakiwa kujiandikisha ndani ya muda uliowekwa. Baadhi walijiandikisha. Baadhi walisubiri, maana kusubiri ni sehemu ya biashara. Januari 1964 Zanzibar ikapinduliwa, na ingawa ilikuwa ng'ambo ya maji, tangu hapo redio ya dukani ilisikilizwa kwa sauti ya chini.

Yaliyofuata vijana wanayasoma shuleni, nami nitayapita mbio. Ushirika na bodi za serikali zikachukua ununuzi wa mazao. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, biashara ya jumla ikaingia kwenye shirika la umma, Mhindi wa jumla akayumba, na Mwarabu wa kijijini akakosa mtu wa kumkopa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika Singida. Watu wakahamishwa, tembe zikabomolewa, na duka lililokuwa katikati ya watu likajikuta peke yake porini na ngazi zake za saruji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ya kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yabaki ya ushirika. Vijana wenye elimu kidogo ndio waliokabidhiwa madaftari ya maduka mapya, na walikuwa na ari. Ari haiagizi sukari. Haukupita muda rafu zikawa na majani ya chai, betri, na raba za mguu mmoja mmoja. Wanawake wakaanza kuulizana kimya kimya ni nani aliyekuwa anajua njia ya kupata kaniki.

Huo ni upande wa huku. Kule, mafuta yalikwisha kuanza kuuzwa mwaka 1967, na tarehe 23 Julai 1970 Qaboos akamwondoa baba yake, Said bin Taimur, kwenye kiti. Alirithi nchi yenye shule tatu. Alihitaji watu, akawaita Waomani waliotawanyika warudi. Kwa hiyo mwezi ule ule mtu alipokuwa akihesabu magunia matupu, barua ilikuwa njiani kutoka kwa binamu yake ikisema njoo, serikali inatoa kazi. Anayesimulia kufukuzwa peke yake, na anayesimulia tamaa peke yake, kila mmoja ana ukurasa wake mmoja wa barua ile.

Waliondoka kidogo kidogo. Kwanza kijana mkubwa, aende akaone. Kisha baba, kwa kusema anakwenda kutazama mitende ya urithi. Kisha wadogo wa kiume, kisha mabinti walioposwa kule. Karatasi iliyotakiwa ilikuwa ya kabila la baba na watu wa huko wa kumshuhudia. Mama hakuwa na mstari kwenye karatasi ile. Nisiwaonee. Wako wake waliokwenda na waume zao wakaishi huko uzeeni wakitunzwa na wajukuu, na wako waliokwenda wakamkuta mke mwenza wa tangu ujana, mwenye nyumba na mwenye lugha, wakaomba kurudi. Na wako waliobaki. Shangazi aliulizwa kama atakwenda, akajibu na mbuzi watabaki na nani. Jibu hilo likachukuliwa kuwa ni hapana. Nimelifikiria miaka mingi. Mwanamke wa rika lake hakufundishwa kusema nataka, alifundishwa kutaja kizuizi ili mtu mwingine akiondoe. Hakuna aliyesema mbuzi watauzwa.

Alirudi kwa kaka zake, yaani kwa baba yangu na ndugu zake, akapewa kipande cha ardhi hapa Mandewa wakati hapa bado ni mashamba. Alibaki na binti yake wa mwisho, aliyekuwa ameachika Tabora, na wajukuu wawili. Hakuacha swala wala hakuacha uwele. Fedha zilikuja, sitasema hazikuja: za mabati, za dawa, za kuchinja Iddi. Wakati mwingine zilikaa sana. Yeye hakuwahi kulalamika mbele yetu, na sisi hatukuwahi kumuuliza. Tulimwona amebahatika, ana watoto Arabuni.

Wana nao hawakuangukia raha. Walioondoka Unguja na mijini na Kiingereza chao waliingia maofisini, kwenye kampuni ya mafuta, kwenye wizara zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanzishwa. Wa kwetu walikwenda na Kinyaturu na hesabu ya kichwa. Waliingia polisi, jeshini, maghalani, kwenye usukani wa malori. Walijifunza Kiarabu na ndevu usoni, wakichekwa na watoto wa majirani. Na huko wakaitwa Wazanzibari wote, hata yule asiyewahi kukanyaga Unguja, mtu wa Kinyangiri anayejua bahari kwa kuiona kwenye noti. Huku alikuwa mwana wa Mwarabu, kule akawa mtu wa Zanzibar, na mahali alipozaliwa hapakuwa na jina kwenye midomo ya upande wowote. Wameoana wenyewe kwa wenyewe, wakasogeana mitaa ya Seeb, na wazee wao mpaka leo hutumiana sauti za WhatsApp kwa Kiswahili kilichosimama mwaka walioondoka. Mmoja hunisalimu kwa misemo ambayo hapa Singida imezikwa na bibi zetu.

Waweke kando kidogo uwatazame Wahindi wa mji huu, utaona tofauti niliyoitafuta muda mrefu. Walikuwa wachache, waliishi Ipembe na sokoni, walioana wao kwa wao, nasi tuliwasema kwa kujitenga. Lakini uamuzi wa kuhama ulipokuja, ulikuja kwenye nyumba moja yenye baba na mama wa upande mmoja. Wakihama, wanahama wote. Wakibaki, wanabaki wote. Akina Dewji walibaki. Mohammed Dewji alizaliwa hapa Singida mwaka 1975, akawa mbunge wetu wa mjini tangu 2005 hadi 2015, na biashara ya familia yake imekua kuliko chochote alichoota mtu wa baraza lolote la mkoa huu. Wahindi wengine wa Tanzania walikwenda Kanada, na wako waliofika mpaka kwenye ukingo wa zile mbuga nilizozitaja. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa baba na mama waliotoka Tanzania. Sisemi kujitenga ni kuzuri. Nasema aliyechanganyika nasi ndiye aliyepasuka alipoondoka, na gharama ya mpasuko ule haikugawanywa sawa.

Siku hizi kuna msafara mwingine wa kwenda Omani. Mabinti wa mkoa huu, ambao tangu zamani wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, sasa wanavuka bahari kwa kazi hiyo hiyo. Baadhi wanarudi na fedha ya kujenga. Baadhi wanarudi na habari za pasipoti kuzuiwa, mshahara kukatwa na kulala saa chache, na mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wafanyao kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Binti mmoja wa hapa jirani aliniambia alishtuka kumsikia bibi wa nyumba aliyofanyia kazi akimwita kwa Kiswahili cha bara. Sitaki kusema alikuwa ndugu, Singida si mji pekee uliotoa watu. Lakini upo uwezekano kwamba mabinti wa ukoo wetu wanawaoshea vyombo wajukuu wa shangazi zetu, pande zote mbili hazijui, na kama zingejua sina hakika mshahara ungeongezeka.

Shangazi amekwisha kufariki. Mandewa nayo imekuwa mji: barabara imepita, nyumba zimebanana, na kipande alichopewa pale kwenye uwele sasa ni viwanja ambavyo madalali huvitaja kwa mamilioni. Mwaka jana wajukuu wawili walikuja kutoka Omani, vijana wa adabu, wamevaa kanzu, wakaomba kuoneshwa kaburi la bibi. Tuliwapeleka. Waliporudi nyumbani, mkubwa wao akauliza kwa upole kama bibi aliacha chochote. Wadogo zangu wakanyamaza, kisha mmoja akajibu kama wazee wetu wangejibu: ardhi ni ya ukoo, na mtoto ni wa baba, kwa hiyo nyinyi mna ukoo wenu Omani.

Kikao cha ukoo kimekaa juu ya jambo hilo na kitakaa tena. Vijana wale hawawezi kumilikishwa ardhi kama raia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilivyotungwa haikumruhusu mgeni kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na wenyewe walipoelezwa hawakubisha. Wanachotaka nadhani ni kuambiwa kuwa walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini yupo yule binti aliyebaki, ana kitambulisho cha taifa, amemuuguza mama yake mpaka mwisho, na amelima kipande kile tangu kikiwa hakina bei. Wadogo zangu wanasema naye ni wa ukoo wa baba yake. Baba yake amezikwa Bahla, na ukoo huo haujawahi kumletea hata jembe. Nimeandika kwa mkono wangu, nikatia saini mbele ya mtendaji, kwamba msimamo wangu ni hati itoke kwa jina lake. Wadogo zangu wawili hawajasaini, na usuluhishi umepangwa baraza la kata baada ya mavuno ya alizeti.